Jaketi Juani

Kivuko cha Kinesi kilitoka Mwigobero jua likiwa la utosi. Hyasinta, mjane aliyekuwa akisali rozari, akamtupia jicho kijana mmoja, kifua kama mlango, anatetemeka ndani ya jaketi. Dada aliyekaa karibu na kijana huyo hakuvumilia. “Kaka, ni malaria hiyo?”

“Nilipima, hamna. Nikameza dawa ya mseto hivyo hivyo, mara mbili.”

“Na huo mwili?”

“Kocha ananichomaga homoni ya ukuaji.”

Dada akaguna. “Mwanangu anachomwaga hiyo hiyo, lakini hospitali, kwa sababu alidumaa. Kila mara wanampimaga na tezi ya shingo. Sindano hiyo inaweza kushusha homoni ya tezi, ukabaki baridi na uchovu. Wewe ulipimwa?”

“Kocha alisema ni mazoezi tu. Au na wewe unauza dawa?”

“Anayekuuzia si mimi, kaka.”

Rozari ya Hyasinta ilikuwa imesimama kwenye punje moja tangu Mwigobero, Mungu amsamehe.

Kivuko kikagusa nchi kavu. “Kocha wangu yule pale,” kijana akasema. Kocha alikuwa anapunga mkono juani, amevaa sweta zito, kofia ya sufu imemfunika masikio.