Picha Iliyomeza Mawe ya Mpaka

Sogeeni, wanangu, na huyo anayelia anyamaze, kwani sijafa bado, na maneno niliyo nayo leo si ya kusikilizwa huku mnapenga kamasi. Studio nimekwisha kuigawa kwa maandishi. Ile lenzi kuukuu ya shaba, niliyoachiwa na fundi aliyenifundisha kazi, ni ya kitindamimba wangu, maana ni yeye peke yake asiyegusa kioo chake kwa vidole. Vyombo mtagawana. Lililonikaa kooni ni shamba la bondeni.

Mmekua mkiambiwa kwamba baba yenu mdogo ana kinyongo, haji hapa wala hapokei salamu zetu, nami nimewaacha mkaamini hivyo miaka thelathini na mmoja. Mficha maradhi kifo humuumbua. Basi na nijiumbue mwenyewe.

Tulipogombania mpaka, yeye alisema marehemu babu yenu alipanga mawe meupe saba, kutoka mti mkubwa hadi kijitoni. Mimi nikasema hakuna mawe. Mvua zilikuwa zimekata barabara, wasuluhishi hawakuweza kufika, wakataka waletewe picha, tena ipigwe na mtu baki. Mdogo wangu akakataa. Akawaambia, "Apige kaka mwenyewe. Kaka hawezi kupiga picha ya uongo." Alisema hivyo mbele yangu, wanangu, akanishika na bega.

Asubuhi nilisimama mlimani, bonde lote limejaa ukungu, nikangoja kama mtu mwadilifu mpaka uinuke. Ukainuka. Mawe nikayaona, yote saba, nikapiga. Kisha shetani... hapana, tumwache shetani, anasingiziwa mengi. Mimi, kwa akili zangu timamu, nikafanya tunachofanya sote wa kazi hii tunapotaka kusafisha kioo: nikaipulizia lenzi pumzi. Ila sikufuta. Nikabonyeza kabla pumzi haijakauka. Mti ukatoka kama kivuli, mawe yakapotea kabisa, na picha hiyo ndiyo niliyowapelekea. Wakasema, "Mti tunauona, mawe hayapo." Barabara ilipofunguka wakaja kuhakikisha, nami nilikwisha kuyang'oa na kuyatupa mtoni.

Na msiniulize kwa nini. Nilitaka shamba, basi. Tamaa haina maelezo.

Picha yenyewe mnaijua, ile ya ukutani pale studio. Wateja wameisifu weee, "Fundi, ukungu mzuri ulioje!", nami nikiitikia ahsante. Kila nikiitikia nilijiona mwizi anayesifiwa kwa nguo alizoiba.

Filamu ya picha ya kwanza sikuthubutu kuichoma. Imo kwenye mkebe wa majani ya chai, nyuma ya saa. Isafisheni itoke picha, muwapelekee wasuluhishi, na shamba la chini ya mti lirudi kwa mwenyewe.

Wewe fundi bomba, mwanangu wa kwanza, usiinamishe kichwa. Najua nyumba yako imo upande wa baba yako mdogo. Najua uliijenga tofali kwa tofali, na mimi nilikuja kukusifia msingi, nikanyamaza. Nisamehe. Akikwambia ukae, kaa kwa adabu. Akikwambia bomoa, bomoa, uhamie hapa, nyumba hii ni yako. Na ninyi wengine asitokee wa kumbishia kaka yenu, wala wa kusema mzee alikuwa anaweweseka. Siweweseki. Damu ya ndugu niliiuza kwa shamba, msije mkainunua tena kwa bei ileile.

Nipeni maji... kidogo tu. Ahsante.

Mungu awape macho ya kuona na... na moyo wa kukiri mlichokiona. Mpendane. Mshibe pamoja. Mkikoseana semezaneni siku hiyohiyo, msingoje kama mimi, nimengoja mpaka sauti... imekwisha.

Kitindamimba nimemtuma tangu alfajiri akamwite baba yenu mdogo. Huenda asije. Ana haki. Asipokuja, mwambieni haya yote kama nilivyoyasema, msipunguze... msinipambe.

Nani huyo anayekohoa uani? Kikohozi hicho nakijua, tumelala kitanda kimoja utoto mzima. Ni yeye. Ee Mungu wangu, amekuja. Mfungulieni. Na ninyi... niinueni, niinueni niketi, jamani. Haya siwezi kumwambia nikiwa nimelala.