Dada Jepchirchir na Vijidudu vya Hesabu

Mlinzi wa ghala la mahindi alikuwa akigonga chuma ng'ambo ya barabara, mama husema ndiyo sauti aliyosikia kabla ya kilio cha mtoto, na hivyo ndivyo dada yetu Jepchirchir alivyozaliwa, usiku wa tarehe 14 Machi 1992, huko Tuwan, Kitale, kifungua mimba wa nyumba yetu. Mimi ni Chepngeno, mdogo wake, familia imenituma nisome wasifu wake kabla hatujamzika, mnivumilie nikikimbia, naogopa nikisimama nitalia.

Alianza shule ya msingi mwaka wa 1998, akafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, 2009, akasomea hesabu chuo kikuu hadi 2014, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika kituo cha utafiti Bungoma, kazi yake ikiwa kuandika kwa kompyuta jinsi kijidudu cha TB kinavyokula, chakula gani kinaingia, kinageuzwa kuwa nini, na njia gani ikizibwa kitakufa njaa, ili watengenezaji wa dawa wajue pa kupiga. Hakufanya peke yake, alikuwa na kipande chake, Zahid, huyu ameketi hapa mbele, ana chake, wengine wako nchi za mbali, na sheria yao ni kwamba hakuna anayepitisha kipande chake mwenyewe, lazima mwenzake akikague. Kuna wakati kijidudu cha dada kilikataa kufa, akakinyima sukari, akakinyima mafuta, bado kinanenepa tu, Zahid akamwambia, bana, hiki chako kimeokoka, kinaishi kwa maombi, kumbe kwenye mchoro wake mshale mmoja wa kuonyesha kipi kinageuka kuwa kipi ulielekea pande zote mbili ukawa unatengeneza nguvu bila chakula, dada akanipigia simu akicheka, mimi nanyonyesha, sikuelewa hata nusu, nikacheka pia.

Tarehe 12 Desemba 2020 alifunga ndoa na shemeji yetu Kiptanui, mwalimu, hapa Ndalu. Hawakupata mtoto, lakini Kiptum wangu alimwita yeye mama kabla ya kuniita mimi, na sikuona wivu, si sana.

Januari 2024 alianza kukohoa na kuishiwa pumzi, vipimo vikaonyesha ni moyo, tatizo la tangu utotoni, TB walipima, wakarudia, hakuwa nayo, akalazwa Kitale, akatuacha alfajiri ya tarehe 3 Mei 2025.

Na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu nimesikia jioni hii kompyuta yake itachomwa pamoja na godoro, ati ndiyo ilimletea ugonjwa, na tangu Jumatano hakuna anayekubali kunishikia mtoto nikienda kuteka maji. Mzee Noah, baba wa shemeji, najua umeamua hivyo kutulinda, lakini mle ndani hakuna kijidudu, kuna hesabu, majina na mishale, Kiptum ameichezea na ni mzima, si mnamuona, na kazi ya mwisho ya dada imo humo, wenzake hawajaikagua, ikichomwa hakuna mtu atakayejua aligundua nini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Tuwan waliotupikia, na wenzake wa Bungoma, ambao walikula chakula chetu bila kusita. Zahid, njoo uichukue, nimeifunga hapa kwenye shuka ya mtoto, ichukue sasa watu wote wakiona.

Dada, pumua vizuri sasa, lala, neno lako la siri la kuifungua kompyuta nitamnong'oneza Zahid, na baada yake simwambii mtu mwingine.