Ambaye Angeikataa Gundi

Kijiwe chao ni benchi moja refu nje ya kibanda cha Fundi Viatu, mkabala na geti la kiwanda cha magodoro. Kila alasiri mwenye kiwanda huvuka barabara kuja kunywa kahawa na watu wasiomwita bosi; wao humwita Godoro, basi. Siku hiyo alikuja na kipande cha sponji, akakiweka pembeni yake, mahali ambapo mtu mwingine angekaa. Kilinuka gundi.

Aliwaeleza kwa ufupi. Gundi mpya ni ya bei nafuu, lakini wafanyakazi wawili walioijaribu wameshaanza kukohoa. Bodi imeipitisha asubuhi, wote kwa kauli moja, chai ikiwa bado ya moto. Kesho mzigo wake unaingia. Enzi za uhai wa mkewe, aliyekuwa mjumbe wa bodi hiyo, hakuna jambo lililopita kabla hajauliza, “Wewe mwenyewe ungelilalia godoro hilo?” Mikutano ilikuwa haiishi. Godoro alikuwa akirudi nyumbani amenuna, na ubishi ukiwafuata hadi mezani. Sasa anarudi mapema, na nyumba imenyamaza.

— Bodi yako umeijaza mashemeji na maswahiba, — alisema Fundi, misumari midomoni. — Tia mtu wa nje, asiyekula kwako.

Breki, dereva mstaafu, aliona hiyo haitoshi. Kiti apewe mshindani wake mwenye kiwanda ng'ambo ya mto, maana hakuna atakayemchimba Godoro kama yule. Fundi akaongeza mama mkwe. Breki akapandisha dau: aajiriwe mtu wa kupinga tu, alipwe kwa kila hapana, na akithubutu kusema ndiyo akatwe mshahara.

— Huyo atapinga hata kuajiriwa, — Fundi alimjibu.

Walicheka. Godoro naye alitabasamu, macho kwenye sponji.

— Wa kulipwa nitampata, — alisema. — Mimi namtaka yule wa kunikatalia mchana kutwa, halafu usiku ananipakulia chakula.

Breki akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Hatimaye Godoro alisema ameshaamua. Usiku huu atalilalia yeye mwenyewe godoro la gundi ile, madirisha yamefungwa. Asubuhi atajua la kuiambia bodi.

Mwisho wa benchi alikaa muuguzi mmoja, mgeni pale, mguu mmoja peku, akingoja kiatu chake kishonwe.

— Samahani, baba, — alisema. — Ukianza kukohoa usingizini, nani atakuamsha?

Fundi aliinamia kiatu. Breki aliinamisha birika, halikutoa kitu.

Godoro alisimama, akamwita mlinzi wake ng'ambo ya barabara, akamwambia mzigo wa kesho usifunguliwe geti. Kisha akarudi kukaa pale pale, akaiacha nafasi yenye sponji pembeni yake kama ilivyokuwa.