Kizuizi Kilichobaki Nyumbani

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, maprofesa, wageni waalikwa, wazazi wenzangu, nanyi vijana huko nyuma mnaotazama simu badala ya kunitazama mimi, nawasalimu nyote. Nimeambiwa niseme machache kwa niaba ya familia za wahitimu. Shule niliachia darasa la pili, kwa hiyo machache ndiyo niliyonayo, lakini nitayasema kwa sauti.

Mjukuu wangu, mke mwenzangu yule pale aliyeinamisha kichwa akiomba nisimtaje, leo amekuwa daktari. Si wa kuchoma sindano. Ni daktari wa vijidudu vinavyoishi kwenye udongo. Udongo wenyewe aliuchota nyuma ya jiko langu, pale ninapomwaga maganda, akaja kufuga vijidudu vyake hapa maabara kwenye visahani. Nilipomtembelea akanifunulia kimoja, nikanusa: harufu ya ardhi iliyonyeshewa mvua. Nikamuuliza, "Ndio usomi huu?"

"Bibi, hivi vinaweza kutengeneza dawa ya kuua vijidudu vingine."

"Sasa vinangoja nini?"

Ndugu zangu, hilo ndilo swali lililomzeesha. Alivilisha, vikanenepa, dawa havikutoa. Akavinyima, vikatoa tone. Akanieleza kwamba ndani yake mna jeni za kutengeneza dawa, nazo hazifanyi kazi ovyo. Kuna jeni inayoziamrisha zianze na kuna inayozizuia, ili kijidudu kisimalize nguvu zake bure. Akaamua kuing'oa inayozuia. Kwa makosa akang'oa inayoamrisha. Vikanyamaza kabisa, na profesa wake, huyu hapa mwenye tai, akamwambia aanze upya. Alirudi nyumbani akalia huku ameegemea sinki la vyombo. Nikamwambia, "Ukimaliza kulia, sufuria bado ni chafu."

Je, nilikuwa mkali? Nilikuwa. Mama yake, binti yangu, alikufa kwa kidonda cha upasuaji, dawa za wodini zikishindwa moja baada ya nyingine, nami nimekaa pale nampepea. Mtu aliyeona hayo hana muda wa kubembeleza machozi ya visahani vya plastiki.

Alianza upya. Safari hii aling'oa iliyostahili, na kijidudu kikaanza kumwaga dawa. Vijidudu vya usaha alivyovipanda kando yake vikafa, pakabaki duara tupu. Dawa ya mgonjwa bado haijawa, msije mkaniomba. Maprofesa wanasema kazi iliyobaki ni ndefu, nao wamempa nafasi ya kuiendeleza kwenye maabara kubwa, mji wa mbali. Kesho asubuhi anatakiwa kujibu.

Juzi nilimsikia jikoni akimwambia mama yake mdogo, "Nitakataa. Bibi na mguu ule mbovu nitamwachia nani?"

Wewe, inua kichwa. Mguu ni wangu. Mama yako mdogo anahamia chumba chako Jumamosi, ufunguo nimeshampa, na anapika vizuri kuliko wewe. Umesoma miaka yote hiyo kutafuta kinachozuia, ukashindwa kukiona kimekaa mezani kinakunywa chai? Basi nimejing'oa mwenyewe. Kesho utamjibu huyu mwenye tai kwamba unakwenda.

Mheshimiwa, nawashukuru walimu waliomvumilia mjukuu wangu, na ninyi nyote mlionisikiliza, asanteni. Hizi ngazi zenu ni ndefu, nishikwe mkono nishuke. Si wewe, mke mwenzangu. Wewe kaa hapo hapo. Mama yako mdogo anakuja.