Mama Elieshi na Kahawa ya Mahakama

Wachungaji, wazee, ndugu, na ninyi majirani mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha, poleni. Mama yetu asingewaonea huruma sana, maana yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kusimama. Ukimpa kigoda alishukuru, akakaa kidogo, na kabla chai haijapoa ungemwona yuko mlangoni anachungulia kama mbuzi hawajaingia kwenye mahindi. Tutajitahidi kuwa wafupi, ingawa ufupi na yeye hawakuwahi kuelewana.

Marehemu Susana Elisaria Nnko, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Elieshi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 Akeri, Meru. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Sifaeli Pallangyo na mkewe Naeku. Bibi Naeku alitoka Olasiti, kwa Waarusha, na wajomba walikuwa wakisema mtoto huyu amechukua miguu ya huko na mdomo wa huku. Alibatizwa mwaka huohuo.

Aliingia darasa la kwanza mwaka 1964. Mwalimu wake alichoka kumwambia akae, akaona heri amkabidhi kengele ya shule. Kwa muda mrefu shule nzima iliingia na kutoka kwa mkono wa Susana, na waliosoma naye wanaapa kwamba vipindi vya hesabu vilikuwa vifupi kuliko vingine. Alimaliza darasa la saba mwaka 1970.

Mwaka 1973 alipata kazi ya upishi katika mgahawa mmoja Kaloleni. Hapo ndipo seremala kijana, Elisaria Nnko, alipoanza kuja kila asubuhi kunywa supu, wakati nyumbani kwao kila mtu alijua kwamba supu haimpandi. Walifunga ndoa tarehe 25 Agosti 1979. Mwaka 1981 wakapanda mibuni sitini kando ya mfereji, yeye akichimba na mume akipanda, kwa sababu Baba alikuwa na mkono wa polepole na Mama hakuweza kusubiri shimo. Kahawa hiyo ndiyo iliyotusomesha sote watatu. Baba alipofariki mwaka 2009, Mama alibaki nayo, na alikuwa akiisemesha akipita kati ya mistari.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo baadhi ya wazee walituomba tuliruke. Mama aliagiza lisirukwe, na jirani yetu Mzee Manase, ambaye yupo hapa, amekubali lisomwe. Yeye na Baba walikuwa wa ukoo mmoja. Tarehe 17 Aprili 2018, baada ya ugomvi wa zamu ya maji ya mfereji, Mzee Manase aliingia shambani na panga akafyeka mibuni yote. Mama alikuwa amekwenda sokoni Tengeru. Aliporudi alikuta majani yameshaanza kunyauka. Hakulia. Alilizunguka lile shamba akigusa kisiki kimoja baada ya kingine, mpaka tukaogopa, kisha akajifunga kanga safi akaenda polisi kwa miguu.

Tarehe 11 Februari 2019 mahakama ilimtia Mzee Manase hatiani kwa kuharibu mali, ikampa kifungo cha nje na kumwamuru alipe fidia. Hakimu alipomuuliza Mama anadai nini, alijibu, “Mheshimiwa, nataka kahawa yangu.” Hakimu akamweleza kwa upole kwamba mahakama inaandika shilingi, haiandiki kahawa. Mama akasema sawa. Tuliomsindikiza tulijua si sawa, kwa sababu njia nzima hakunyamaza.

Kisha likatokea kosa ambalo ni la kwetu Wameru. Kabla ya fidia yoyote kutolewa, Mzee Manase alifuatana na wazee wawili akaleta jani la isale kuomba msamaha. Sote tunajua desturi: isale likishapokelewa, neno limekwisha, na anayeendelea kudai ndiye anayegeuka kuwa mkosaji. Mama hakuwepo. Shemeji yake mkubwa, Mzee Yoeli, akalipokea kwa niaba yake, akafurahi kwamba amani imerudi. Mama akalikuta mezani. Akalichukua, akavuka mpaka, akaliweka mkononi mwa Mzee Manase.

“Shemeji,” alisema, “isale ni la kosa. Fidia ni ya hasara. Usinilipe moja kwa jingine.”

Wazee walishtuka, maana isale halirudishwi. Wapo waliomwita mwanamke wa mahakama, na jina hilo lilimfuata hadi kwenye vikao vya kina mama. Lakini kilichomtesa kuliko jina ni meza ya Bwana. Tangu siku ile ya panga hakukaribia Chakula cha Bwana hata Jumapili moja. Alikuja kanisani, aliimba, na wenzake walipoinuka kwenda mbele yeye alitoka nje akazunguka uwanja. Mchungaji alimwambia, “Mama, samehe tu.” Akajibu kwamba kusema amesamehe wakati moyo unadai ni kumdanganya Mungu, na kwamba akishapata kahawa yake ataweza kulisema neno hilo na liwe kweli. Alitamani meza ile. Usimwone mtu anazurura nje ukadhani hataki kuingia.

Miaka ikaenda na fidia haikulipwa. Mwaka 2021 Mama alirudi mahakamani kukazia hukumu, na dalali wa mahakama akafika kumkamata ng'ombe wa Mzee Manase. Alikuwa ng'ombe mmoja tu, wa maziwa. Mkewe Mzee Manase, Mama Sabina, alikuwa ametoka hospitali majuzi, akasimama ameshika kamba ya ng'ombe. Mama alimtazama muda kidogo.

“Mwachie huyo ng'ombe,” akamwambia dalali.

“Mama, si ndiwe uliyeomba?”

“Ndiyo mimi. Mwachie.”

Siku hiyo hakuna aliyeweza kukaa naye chumba kimoja. Alimkasirikia dalali, akamkasirikia Mzee Manase, akajikasirikia mwenyewe, hata ng'ombe wa watu akapata la kwake. Jioni binti yake Prisca alimuuliza kwa nini amekubali kushindwa akiwa ameshashinda. “Nikimchukua yule ng'ombe,” alisema, “nitakuwa nimefyeka na mimi.”

Kesho yake asubuhi alisimama uani kwa jirani. “Shemeji, bado hujaniamkia, lakini tuyaache. Hela huna. Mikono unayo?” Mzee Manase akasema anayo. Wakaenda wote wawili mahakamani, wakaomba makubaliano yao yaingizwe kwenye jalada: badala ya fedha, mdaiwa apande mibuni sitini palepale, aitunze mpaka izae na mavuno ya kwanza yachumwe. Hakimu aliuliza mara mbili kama Mama ameshawishiwa na mtu. Karani, tunasikia, alishindwa kujizuia akacheka.

Miche ilipandwa masika ya 2022. Waliopita njia ya mfereji wanakumbuka, maana Mama alikuwa pale kila siku, amesimama, mkono kiunoni.

“Shemeji, hilo shimo unazika panya?”

“Na wewe shemeji, si ukae chini kidogo?”

“Nikikaa utanipandia migomba.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, kwa mvua na kwa jua. Mwaka wa pili alianza kumpelekea uji. Alisema ni ili kazi isilale, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Januari 2025 Mama alianza kulalamika maumivu ya tumbo, na vipimo vikaonyesha saratani iliyokwisha kusambaa. Alilazwa mara mbili. Wauguzi walimpenda na walichoka naye, kwa sababu kila wakigeuka yuko korido na chupa ya maji ya dripu mkononi. Mwezi Juni aliomba arudishwe nyumbani, na kitanda chake tukakisogeza dirishani. Hilo lilikuwa gumu kwetu kuliko yote, kumwona Mama amelala mchana.

Jumapili tarehe 27 Julai Mzee Manase aliingia na kahawa mbivu kwenye kiganja, zile za mwanzo kabisa kuiva. Mama akachagua moja, akaimenya kwa meno, akanyonya utamu wake, akatema mbegu mkononi akaitazama.

“Ni kahawa,” alisema. “Mwiteni mchungaji.”

Mchungaji alifika baada ya ibada ya pili. Mama alipokea Chakula cha Bwana akiwa ameegemea mto, kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba, na Mzee Manase akapokea kando yake, kwa kuwa Mama alikataa kupokea peke yake. Walipomaliza akamgeukia. “Nimekusamehe, shemeji, na sasa si uongo. Lakini hizo ni za kuonja. Mavuno bado.” Tulicheka huku tunalia, wala hatuoni haya kulisema.

Mama yetu alifariki dunia Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025 saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Mavuno yenyewe hakuyaona.

Ameacha watoto watatu: Elieshi, Prisca na Brightness, wajukuu wanane, kaka mmoja, shemeji yake Mzee Yoeli, aliyemsamehe habari ya isale zamani sana, na majirani aliowachosha na kuwapenda.

Aliagiza azikwe kando ya Baba, ndani ya kahawa. Jana vijana walipopima kaburi ikaonekana mibuni miwili imo katikati ya nafasi, nayo imebeba. Ikabidi ing'olewe. Mzee Manase aliomba aing'oe mwenyewe, na hakuna aliyemkataza. Elieshi alimwambia asijali, familia imemwachia yote, na mahakama haitamuuliza tena. Mzee Manase alifuta udongo mikononi, akatazama shimo, akasema, “Nilikata sitini. Mvua ikinyesha nitakuja kupanda miwili, na safari hii hakuna wa kunisimamia.”

Lala sasa, Mama. Bwana akupe pumziko, nawe safari hii ukubali kulipokea.