Bi. Verna Stallcup Hapokei Boksi Lisilo na Jina

Ijumaa tarehe 27 Juni, saa tisa alasiri, Bi. Verna Stallcup atafunga dirisha la stoo ya dawa ya Gereza la Cutter Creek kwa mara ya mwisho. Amelihudumia kwa miaka thelathini na miwili. Wakuu wa gereza sita wamekuja na kuondoka, yeye yupo tu, na miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

Alitujia kutoka duka la dawa la mjini lilipofungwa. Siku ya kwanza alikuta insulini ya wagonjwa imebanana na chakula cha askari kwenye friji moja. Kufika saa sita mchana, mikate yetu yote ilikuwa imepangwa juu ya benchi nje. "Friji hii ni ya wagonjwa, si ya soseji zenu!" Tulinung'unika wiki nzima, kisha tukanunua friji yetu.

Kanuni yake kila mtu hapa anaijua: kinachopita dirishani kwake kiwe na jina la kilikotoka na tarehe ya mwisho wa matumizi. Krismasi moja mtu alimwachia pai ya njugu aina ya pekani dirishani. Bi. Verna aliiweka nje na kikaratasi: "Imetoka kwa nani?" Ilikaa pale mpaka Mkuu wa Gereza, Bwana Dwight Haskew, akaja mwenyewe na kalamu.

"Jamani, Verna, hata pai?"

"Hata pai, Mkuu. Andika na siku iliyookwa."

Sasa nifike kwenye lile boksi, maana kuandika habari za Bi. Verna bila boksi ni unafiki. Wote tunakumbuka kampuni za dawa zilipokataa kutuuzia dawa za kutekelezea adhabu ya kifo kwa sindano. Bunge la jimbo likapitisha sheria kwamba jina la anayeuza dawa hizo libaki siri, na majina ya wanaoingia kwenye chumba cha kutekelezea adhabu hiyo yawe siri vilevile. Bi. Verna aliisoma sheria hiyo mara tatu, akaibandika ukutani kando ya kalenda ya timu ya mpira ya shule ya sekondari. Kama anaiunga mkono adhabu ya kifo au anaipinga, mpaka leo hakuna anayejua. Ukimuuliza, anakuuliza kama umepima joto la friji.

Miaka mitatu iliyopita, Jumanne asubuhi, siku tisa kabla ya adhabu iliyopangwa, boksi la baridi lililetwa dirishani. Nililibeba mimi. Mkuu alisimama kando yangu. Ndani mlikuwa na vichupa kumi na viwili, na lebo zake hazikuwa na jina wala tarehe.

"Jina ni siri kisheria," Mkuu akamwambia. "Saini tu hapa."

"Jina sawa, lifichwe. Sheria imesema hivyo na mimi nimeikubali. Ila sijaona mahali iliposema na tarehe ifichwe."

Mkuu akashusha sauti. Si mtu mbaya, naye alikuwa anabanwa na wakubwa zake. "Verna, bado miaka mitatu ustaafu. Mumeo Merle anasafishwa damu kwa bima yako. Usijiharibie, mama."

"Najua, Mkuu. Ndiyo maana naogopa. Lakini sipokei."

 Akalisukuma boksi kwangu, akashusha dirisha. Muuzaji alipotakiwa kuandika tarehe ya dawa zake, alikataa. Wiki hiyohiyo adhabu ikaahirishwa, na shauri bado liko mahakamani. Bi. Verna alipewa barua ya onyo. Akairudisha, kwa sababu haikuwa na tarehe! Ilipokuja tena na tarehe, aliisaini vizuri kabisa na kuiweka kwenye faili lake. Kazi hakupoteza, na bima ya Merle iliendelea. Siku hizi Merle ana figo mpya na anavua kambare kila Jumamosi, ingawa ukubwa wa samaki anaowasimulia hauna ushahidi.

Kuna jambo moja ambalo Bi. Verna halijui. Mtu mmoja kati ya wale ambao majina yao ni siri alikuwa amepangiwa kushika sindano siku ya adhabu. Alikuwa ameshindwa kula kwa siku nne, na hakuwa na ujasiri wa kusema hapana. Boksi liliporudishwa alipata muda. Alhamisi ya wiki hiyo akaandika barua ya kujitoa, ikakubaliwa. Tangu hapo anapita dirishani kila asubuhi, anasalimia, na kuondoka bila kusema asante.

Bi. Verna, asante. Tunakuombea asubuhi zisizo na saa ya kuamshia, bustani yenye bamia nyingi, na Merle mwenye afya, hata akizidisha chumvi kwenye hadithi zake. Ukaishi vizuri, mama.

Mhariri wa jarida hili alinishauri nisiweke jina langu, kwa kuwa sheria inaniruhusu kufichwa. Nimekataa, maana wewe usingeipokea makala isiyo na jina.

Curtis Lemaster
Askari, Jengo la C
Jumatatu, 16 Juni