Dkt. Kasmiri Ngassa, Mtu wa Ngitili (1969–2025)

Viongozi wetu wa dini na wa serikali, wanataaluma mlioondoka Mwanza alfajiri, majirani wa Bariadi, ndugu wa Nkoma: mwangaluka. Marehemu ameacha agizo kuhusu wasifu huu. Alisema usomwe na mdogo wake Specioza kwa sababu ana sauti kubwa, tena usisomwe kwa kunung'unika utadhani amekufa mtu aliyeshindwa maisha. Kwa hiyo na walioko jikoni watasikia.

Dkt. Kasmiri Ngassa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969 hapa Nkoma, siku hizo tukiwa bado mkoa wa Shinyanga. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Ngassa Mayala, ambaye tumekaa naye hapa mbele, na marehemu mama Nyanjige. Alichunga ng'ombe kabla hajajua kusoma, na mama alikuwa akisema mtoto huyu hapiti kwenye ngitili bila kuuliza swali. Kwa wageni wetu wasioijua, ngitili ni malisho ambayo Msukuma huyafunga mvua zinapoanza, asiingie ng'ombe hata mmoja, mpaka kiangazi kikolee na siku ya kufungua ifike. Swali la Kasmiri lilikuwa moja: hiyo siku anaijua nani? Hakuna aliyemjibu akaridhika, ndiyo maana ikabidi asome.

Alisoma shule ya msingi hapa Nkoma kuanzia 1978 hadi 1984, kisha sekondari Maswa na Shinyanga, na mwaka 1995 akahitimu shahada ya kilimo. Alirudi Maswa kuwa bwana shamba, na huko ndiko alikokutana na mwalimu Goodness. Siku ya posa wazee wa upande wa pili walimwuliza kazi yake ni nini hasa. Akaanza kueleza habari za nyasi, akaeleza, akaeleza, mpaka mzee mmoja akasema mpeni mke huyu apate wa kumsikiliza. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Oktoba 1998, Maswa, na Mungu akawajalia Joakim na Kija.

Baada ya shahada ya pili aliajiriwa kufundisha chuo kikuu huko Mwanza, na mwaka 2005 akaanza shahada ya uzamivu. Hapa wasifu unakaa kidogo, maana hapa ndipo alipoumia na hapa ndipo alipopata akili.

Utafiti wake aliufanya kwenye ngitili ya baba yake mwenyewe. Alitenga sehemu, akaizungushia uzio wa miiba, akaomba isiguswe kwa lolote. Alipima nyasi zake misimu miwili kwa upendo ambao mkewe Goodness alianza kuuonea wivu. Juni 2008 msimamizi wake na walimu wengine wakapanga kuja kuikagua sehemu ile. Mzee Ngassa aliposikia, akaona aibu. Mwaka ule ulikuwa mkavu na mifugo ilikuwa mifupa mitupu. Basi alfajiri ya siku ya ugeni, mzee akaondoa miiba na kuingiza kundi zima.

Kasmiri alifika na wageni saa nne. Akakuta ng'ombe wamesimama juu ya utafiti wake, matumbo yamejaa, na baba amevaa koti la sikukuu anatabasamu. Aliuliza kwa nini. Baba akamjibu, "Ng'wanawane, mwanangu, wageni wa chuo wamekuja. Wangekuta ng'ombe wetu wamekonda, wewe wangekuonaje?"

Sisi tuliokuwepo tulijua ameumia, lakini hakumpandishia baba sauti, siku ile wala baadaye. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alianza upya, na safari hii alipima nyasi na watu pamoja. Akagundua kwamba ngitili nyingi hufunguliwa kabla ya siku yake kwa heshima ya mgeni, na akaandika kwamba zikifunguliwa hivyo hudhoofu, huchukua miaka kurudi. Sura hiyo ya tasnifu aliiita Sura ya Baba. Mzee alisomewa, akasema ameelewa ila hakubaliani nayo.

Kazi ilikamilika mwaka 2011, lakini ikalala mezani kwa msimamizi. Marehemu alituomba tusimtaje jina, kwa kuwa naye ametangulia na huenda wameshakutana. Kila akipiga simu aliambiwa asubiri kidogo. Wenzake walipanda vyeo, aliowafundisha wakawa wakubwa wake, na yeye kwenye vikao akaitwa Bwana Kasmiri. Goodness anasema ndicho kipindi pekee alichowahi kumwona akikaa bila kuongea. Alitunukiwa Novemba 2014, akiwa na miaka arobaini na mitano, na Nkoma ilicheza ngoma mpaka ng'ombe wakagoma kutoa maziwa.

Tangu siku hiyo akajiwekea nadhiri, na kila aliyepita mkononi mwake anaijua. "Kazi ya mwanafunzi ni ngitili," alisema. "Ukiisahau siku ya kufungua, nyasi zinaoza na ng'ombe anakufa njaa akizitazama." Alisoma sura za wanafunzi harusini, akazisoma kwenye foleni ya hospitali, akazisoma hata mnadani, ambako wauza ng'ombe walimdhania afisa ushuru wakahamia upande wa pili wote. Hakuna sura iliyolala kwake. Mwaka 2019 alipanda kuwa mhadhiri mwandamizi, na mwaka huohuo akampokea Joyness, binti wa wakulima wa pamba kutoka Ipililo. Joyness alitaka kufanya uzamivu juu ya ngitili, na alitaka kupima upya alichopima mwalimu wake. Marehemu alifurahi mno, akatutangazia nyumbani kwamba amepata mtu wa kumbishia.

Mwaka 2022 figo zilianza kusumbua. Alisafishwa damu Mwanza kwa muda mrefu, na Machi mwaka huu aliomba kurudi nyumbani Bariadi. Alikuwa na ombi moja tu, asife Joyness hajatetea tasnifu yake. Alijua mwanafunzi akifiwa na msimamizi hutafutiwa mwingine, na huyo mwingine ataanza kusoma ukurasa wa kwanza. Kila daktari aliyemtembelea aliulizwa kama atafika Julai.

Alifika. Jumatano tarehe 16 Julai alikalishwa kitandani mbele ya kompyuta, juu koti na tai, chini shuka. Umeme ulikatika Joyness alipoanza tu kuulizwa maswali huko Mwanza, na jirani yetu Twaibu, mwenye duka la sola, akaja mbio na betri kichwani. Picha iliporudi, mtahini wa nje alikuwa anamwuliza Joyness angefanya nini kama matokeo yake yangempinga msimamizi wake.

Joyness akasema, "Yanampinga. Nimepima Ipililo misimu yote. Ngitili ikifunguliwa mapema kwa ajili ya wageni, ikapumzishwa mvua zikija, inapona. Nilipomwonyesha, aliniambia niandike bila kumwonea haya."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Walipotangaza kwamba Joyness amefaulu alisema, "Wabeja, Dokta," yaani asante kwa Kisukuma chetu, na akaomba chai. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita hivyo. Alifariki Jumamosi tarehe 19 Julai 2025 saa tatu asubuhi, mezani kwake hamna kazi ya mtu.

Ameacha mjane, mwalimu Goodness. Watoto wawili, Joakim na Kija. Baba yake, Mzee Ngassa. Mdogo wake, Specioza. Na madokta aliowalea, ambao leo ndio wamebeba jeneza.

Leo alfajiri Mzee Ngassa alivaa koti lake la sikukuu, akaenda kwenye ngitili, ambayo siku yake bado haijafika, akaondoa miiba kwa mikono yake. Tulipomfuata alisema, "Wageni wa chuo wamekuja." Ng'ombe mnaowasikia wako humo wanakula.

Msiwe na wasiwasi na nyasi. Zitapona. Dkt. Joyness ameshapima.

Kaka, lala salama.